Nyanda za Juu Kusini: tufufue viwanda vilivyofungwa au tuwasaidie wasindikaji wadogo?

Swali, kutoka Iringa
Ndugu zangu, tangu Sera ya Maendeleo Endelevu ya Viwanda ya mwaka 1996 hadi Mpango wa Tatu wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 2021/22, Serikali imeahidi kwamba viwanda ndivyo vitakavyoinua uchumi wa mikoa. Hata hivyo, nyanya za Ilula, hapa mkoani kwetu, bado zinaondoka kwenye matenga kwenda Dar es Salaam, na zinapojaa sokoni kwa wakati mmoja mkulima hupokea bei yoyote, kwa kuwa nyanya haingoji. Je, fedha za umma zifufue viwanda vilivyobinafsishwa vikafungwa, au ziende kwa wasindikaji walio karibu na mashamba?

Jibu, kutoka Mbeya
Nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha umma hapa Mbeya mpaka kilipofungwa, na jambo hili linaniuma. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo, na soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, mashine zetu zilizokwisha kuchakaa hazikuweza kushindana. Baada ya kuuzwa, mitambo ilikatwa ikawa chuma chakavu na majengo yakageuzwa maghala. Kwa hiyo kinachoitwa kufufua mara nyingi ni kujenga upya juu ya kiwanja cha zamani, na wananchi waelezwe hivyo tangu mwanzo. Tazameni kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichojengwa miaka ya 1980 kikitegemea miti ya Sao Hill, shamba la miti la Serikali: kilipobadilisha mmiliki, malighafi ilibaki palepale. Mimi ningeanza na swali hilo la malighafi kabla ya kugusa bajeti.

Jibu, kutoka Mafinga
Shikamoo mzee wangu, nakuunga mkono, ila wadogo nao hawakui kwa semina. SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, limewafundisha mafundi wengi, wakiwemo maseremala, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tatizo ni kwamba fedha hizo, zikishagawanywa kwa vikundi, haziwezi kununua tanuri la kukaushia mbao, na samani iliyotengenezwa kwa mbao mbichi hupinda ikiwa tayari sebuleni kwa mteja. Halmashauri ijenge tanuri moja la pamoja, kila fundi alipie kulingana na mbao anazoingiza.

Jibu, kutoka Ilula
Nalima nyanya. Kiwanda hakiwezi kuendeshwa kwa masalio ya soko: kinataka aina ya nyanya yenye nyama nyingi na maji machache, tena kwa miezi mingi, ilhali bei yake huwa chini ya ile ya soko linapokuwa zuri, na hapo wengi wetu humkimbilia mchuuzi. Bila mkataba unaotaja bei ya chini kabla ya kupanda, pamoja na maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi, kiwanda kitafungwa hata kikiwa jirani na shamba langu.