Vyuo vya Mbeya na Iringa, acheni kuwakwamisha wanaoomba masters za utafiti wa ubongo!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kila msimu wa maombi ya masters za utafiti za sayansi ya utambuzi na ubongo, vijana wa huku Nyanda za Juu Kusini wenye GPA za kueleweka wanakatwa mapema. Wanaangushwa na karatasi tunazowapa na mafunzo tunayowanyima.

Kwanza mjue kinachotafutwa. Chukua Uholanzi: programu ya Amsterdam ni ya miaka 2, krediti 120 za Ulaya, na ya Nijmegen ni hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya muda huo inaliwa na miradi ya utafiti, maana lengo ni kumwandaa mtu kwa PhD. Kwa hiyo kupenda saikolojia hakutoshi. Kamati inataka kujua umesoma takwimu kiasi gani, umewahi kubuni jaribio, unaweza kuandika programu za kuchambua data kwa R, Python au MATLAB (lugha za kompyuta), na ni mhadhiri gani aliyekuona ukifanya kazi.

Sasa tazama transkripti zetu. Mstari unasomeka: namba ya somo, jina, B+, 12. Hiyo 12 ni nini? Kwetu krediti 1 ni saa 10 za kazi, Uholanzi ni saa 28. Mwaka mzima wa masomo kwetu ni krediti 120, kule ni 60. Somo la krediti 12 ni saa 120, yaani kama krediti 4 za kwao ukihesabu kwa saa. Maelezo hayo yangekaa nyuma ya transkripti kwa mistari mitatu, pamoja na kusema GPA yetu ni kati ya 5 na daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Bila hivyo, mwenye 3.6 anaonekana hodari kwa anayedhani kipimo ni 4, halafu anaonekana mdanganyifu ukweli ukijulikana. Na mwombaji akiomba maelezo ya somo la takwimu (mada, saa, vitabu, aina ya mtihani) anazungushwa ofisi hadi ofisi kwa karatasi ambayo idara ilipaswa kuwa nayo kwenye faili.

Barua za mapendekezo ndiyo aibu nyingine. Mara nyingi mfumo wa maombi unamtumia mhadhiri kiungo cha kuweka barua, na unataka barua pepe ya chuo. Mhadhiri anatoa Gmail yake, kiungo kinalala hadi muda unaisha, au anamwambia kijana "andika mwenyewe nije nisaini". Barua ya namna hiyo inajulikana tu: imejaa sifa za tabia njema, haina hata sentensi moja kuhusu uchambuzi alioufanya.

Lakini kinachonichemsha zaidi ni fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli. Sura ya tatu ya kila andiko utaikuta: n = N/(1 + Ne²). N ni watu wote, e ni kosa linaloruhusiwa: wanafunzi 1,000, kosa la 0.05, jibu 286, msimamizi anatia tiki. Jamani, fomula hiyo ni ya kukadiria asilimia kwenye dodoso! Mwanafunzi anayelinganisha kumbukumbu za waliolala na waliokesha anatafuta tofauti ya wastani kati ya makundi mawili. Anapaswa kuulizwa anatarajia tofauti kubwa kiasi gani, na anataka uwezekano gani wa kuiona kama ipo. Tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), alfa (hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo) 0.05 ya pande mbili, nguvu (huo uwezekano wa kuiona ikiwepo) ya asilimia 80: anahitaji watu 64 kila kundi. Akiwapima watu wale wale katika hali zote mbili, na tofauti ndani ya mtu ikawa na ukubwa huo huo, 34 wanatosha. G*Power, programu ya kompyuta ya hesabu hizi, ni ya bure na inatoa jibu papo hapo. Ila akiandika 34 anaambiwa sampuli ni ndogo, rudi kwa Yamane. Anarudi na madodoso 286 yaliyojazwa kwa kulipua, na jaribio limeshakufa. Hilo ndilo andiko analoambatanisha kwenye maombi.

Msiniambie hakuna maabara. PsychoPy, programu ya kuendeshea majaribio ya saikolojia, ni ya bure na inafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Kinachohitajika ni mtu wa kumfundisha kijana kwamba skrini ya hezi 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, hivyo akiandika kwamba ataonyesha neno kwa milisekunde 20 anaandika kisichowezekana: ataonyesha 17 au 33. Ukilijua hilo ndipo unaanza kuaminika.

Kuna na kibali cha maadili. Data za watu zinakusanywa kwanza, kibali kinakumbukwa baadaye, na hakuna kamati makini inayotoa kibali cha kurudi nyuma. Kazi nzuri inabaki haichapishiki.

Masomo kule huanza Septemba, na milango mingi ya maombi hufungwa miezi mingi kabla. Wakuu wa idara mliomo humu: maelezo ya masomo na ufafanuzi wa krediti viwe tayari kabla ya Novemba, kila mhadhiri awe na barua pepe ya chuo inayofanya kazi, na Yamane iondolewe kwenye mwongozo wa maandiko ya majaribio. Ni idara ipi itaanza? Jibuni hapa hapa, waombaji wanasoma.