Usiku wa mashairi Dar: malenga analipa kiingilio, anazimiwa maiki, halafu video wanatumia wao

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimelimeza tangu wiki iliyopita nikidhani litashuka. Limegoma, kwa hiyo leo natema, na mtakaosema nimekuja kutoa povu mko sahihi.

Nazungumzia hawa jamaa wanaoendesha usiku wa mashairi kule upande wa Masaki. Jina siwataji, aliyewahi kwenda atawajua mwenyewe.

Tangazo lao linasema maiki iko wazi kwa kila mtu. Ukifika mlangoni kiingilio ni buku kumi. Msikilizaji kulipa sina neno, ukumbi una gharama zake. Lakini mshairi naye analipa buku kumi ileile! Ukiuliza unajibiwa "kila mtu anachangia jukwaa". Kila mtu nani? DJ analipwa. MC analipwa. Mwenye ukumbi anauza bia na chipsi kwa bei za kulekule. Kati ya wanaoifanya shughuli yenyewe, anayetoa hela mfukoni ni yule aliyeleta mashairi peke yake, na wakimaliza saa sita usiku daladala hakuna, kwa hiyo aongeze na nauli ya bodaboda mpaka Mbagala. Nimeona vijana wa chuo wanakopeshana kiingilio pale mlangoni ili mmoja wao akasome ukurasa mmoja.

Halafu kuna daftari. Mnaambiwa mje saa kumi na mbili jioni mjiandikishe, anayewahi ndiye anayetangulia. Mnawahi. Shughuli inaanza saa mbili na ushee, na wanaopanda kwanza hawamo kwenye daftari kabisa. Ni mdada mwenye wafuasi wengi mtandaoni, ni mtangazaji fulani, ni rafiki wa mwandaaji aliyerudi likizo kutoka Ulaya. Ile saa nzuri, watu wametulia na simu ziko mezani, wamegawana wao. Watu wa daftari mnaanza kuitwa saa nne na nusu, nusu ya ukumbi imeshahamia kaunta na nusu iliyobaki inapiga selfie.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonitoa kwenye reli ni mzee wangu.

Nilimpeleka mzee mmoja wa kwetu Tanga, malenga wa siku nyingi, wale waliokuwa wakituma beti magazetini na kujibizana na watu wa Mombasa na Unguja bila kuonana uso kwa uso. Alikuja na kanzu na koti lake, akakaa na soda moja tangu saa kumi na mbili. Kaitwa saa tano kasoro. Akaanza kughani, tarbia ya mishororo minne minne, beti saba, mizani (yaani silabi) 16 kila mshororo. Ukumbi ukaanza kunyamaza wenyewe, hata kaunta walikuwa wanageuka. Kufika ubeti wa nne, maiki ikazimwa. MC, kijana ambaye kwa umri ni mjukuu wake, akadakia: "Asante babu, lakini hapa siyo maulidini." Watu wakacheka.

Shikamoo hakumpa, pole hakumpa. Mzee akamalizia ubeti kwa sauti yake mwenyewe, akashuka. Kwenye gari aliniambia, "Kwetu hata mlevi anaachwa amalize ubeti."

Nilipowafuata waandaaji wakaniambia kanuni ni dakika tatu kwa kila mtu, "ndivyo dunia nzima inavyofanya". Dunia nzima ipi? Hizo dakika tatu ni kanuni ya mashindano ya slam, yaliyoanzishwa Chicago na Marc Smith miaka ya 1980. Kule washairi wanashindana, na majaji wanaochaguliwa kutoka miongoni mwa watazamaji wanawapa alama, sifuri mpaka kumi, ndiyo maana wanahesabu muda. Na hata kwenye mashindano yao ya kitaifa kule Marekani, ukizidisha ulikuwa unaongezewa sekunde kumi za hisani, ukipitiliza hapo ulikuwa unapunguziwa nusu alama. Hakuna aliyeandika kwamba mzimie mtu maiki! Hawa wetu wamebeba saa wakaacha adabu. Tena pale hakuna mashindano wala majaji, ni watu wanasoma tu.

Tupige hesabu. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, mizani 64 jumla. Ukiusoma kama taarifa ya habari unaumaliza haraka. Ukiughani, kwa mahadhi, na kibwagizo ukakivuta kidogo watu wakipokee, nusu dakika inapita na zaidi. Kwa hiyo dakika tatu ni beti tano ukijikaza. Shairi la beti saba haliingii. Utenzi, shairi refu la beti nyingi, ndiyo usiuwaze. Maana yake ni kwamba kanuni hiyo, hata kama hakuna aliyekusudia, inamfungia nje mtu yeyote anayetunga kwa bahari za kwetu, yaani aina za mashairi ya vina na mizani, katika jiji ambalo meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Amri Abedi, mtu aliyechapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, iliundwa mwaka 1959 kuutunza ushairi huu. Leo malenga anaambiwa arudi maulidini.

Na kabla hamjanirukia: sina ugomvi na mashairi huru, yale yasiyofuata vina na mizani. Vita hiyo wakubwa walishaipigana tangu mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, na mimi mwenyewe naandika ya aina zote mbili. Sina ugomvi pia na anayetunga kwa Kiingereza, ingawa kuna siku nimehesabu mashairi ya Kiswahili kwa vidole vya mkono mmoja, hapahapa Dar es Salaam. Ugomvi wangu ni hela, zamu na heshima.

Sasa sikieni mwisho wake. Siku mbili baadaye nafungua simu, namkuta mzee kwenye ukurasa wao. Zile beti tatu, zimekatwa vizuri, zimewekewa mdundo kwa chini, nembo yao juu na nembo ya bia ya mdhamini pembeni. Mzee hajawahi kuonja pombe, na shairi lenyewe ni mawaidha kwa vijana! Maiki walimzimia, lakini kamera waliiacha inazunguka. Hakuulizwa, hakusaini kitu. Watu maelfu wameitazama, wanaandika "huyu mzee ni hazina", na hazina yenyewe imerudi Tanga kwa nauli niliyolipa mimi.

Kwa wasiojua, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, huhitaji kuisajili kwanza. Na mtumbuizaji naye ana haki yake juu ya onyesho lake kurekodiwa na kusambazwa. Kibandiko cha mlangoni kinachosema "ukiingia umekubali kupigwa picha" sidhani kama kinampa mtu ruhusa ya kufanyia shairi lako tangazo la bia.

Nimewaandikia ujumbe mara kadhaa. Wamesoma, wakajibu mara moja: "Kaka, hiyo ni promo ya bure kwa mzee." Baada ya hapo wakaniblock.

Kwa hiyo nasema hapa hadharani kwa kuwa najua wanapita humu. Video ishushwe kabla ya Ijumaa, na mzee apigiwe simu aombwe radhi na mtu mzima, siyo yule MC. Ijumaa ikipita, Jumatatu nipo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na barua, nakala naibandika kwenye uzi huu huu. Na kama wewe uliwahi kusoma pale ukakuta video yako ina nembo ya watu, niandikie inbox, twende wengi.

Mods, nawaombeni msiuhamishie uzi jukwaa la burudani.