Mwanamuziki anayerekodi chumbani kwake: mfanyabiashara au mwajiriwa?

Mtoa hoja

Wanamuziki na watayarishaji wenzangu wa Tanzania, kila tunapogusa suala la haki zetu kazini tunajibiwa kwamba sisi tunaorekodi majumbani ni wafanyabiashara wadogo, na kwa hiyo sheria za kazi hazituhusu. Jibu hilo silikubali, na ninaliweka hapa lipingwe kwa hoja.

Mtu anayetengeneza jingo (wimbo mfupi wa tangazo) na muziki wa matangazo kwa ajili ya kampuni moja mwezi hadi mwezi, akiambiwa saa ya kukabidhi, akirudishiwa kazi ili apunguze besi au abadilishe kibwagizo, anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine hata kama kipaza sauti ni chake na chumba ni chake. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinataja mambo kadhaa, na likiwepo hata moja tu, mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kumtegemea kiuchumi yule anayefanyiwa kazi, na kumfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kupewa vitendea kazi nako kumo katika orodha hiyo, lakini asiyepewa hapotezi yale mengine.

Wazo la mwanamuziki kuwa mfanyakazi si geni kwetu. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi iliyomilikiwa na chama cha wafanyakazi chenyewe, na jina lake likafuata mabadiliko ya chama hicho: JUWATA, kisha OTTU. Wapigaji walilipwa mshahara na vyombo vilikuwa vya chama. Hata hivyo nyimbo zao zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kanda zikabaki huko, wakati ambapo hapakuwa na chombo cha kusimamia hakimiliki kama COSOTA, kilichokuja na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Mzee aliyepiga gitaa la pili katika wimbo unaorushwa hadi leo, akiulizwa karatasi inayoonyesha kwamba alikuwepo, ataionyesha wapi?

Hapo ndipo suala la kupanga kazi zetu za zamani linapoingia katika sera ya kazi, ingawa wengi hulichukulia kama unadhifu tu wa kompyuta. Kudhaniwa kuwa mwajiriwa chini ya kifungu cha 61 hakuna faida kwa mtu asiyeweza kuonyesha saa zake wala maelekezo aliyopewa. Mimi huweka kila kazi katika folda yake: ujumbe wa oda, kila toleo lililorudishwa pamoja na maneno yaliyolirudisha, majina ya walioimba na kupiga, ankara na risiti. Tarehe ya faili pekee haitoshi, kwa kuwa inaweza kubadilika faili likinakiliwa kwenda diski nyingine, kwa hiyo kila toleo nalituma pia kwa barua pepe. Miradi ya zamani, yaani faili za programu ya kurekodia, huenda isifunguke tena programu ikibadilika. Dawa yake ni kutoa kila sauti peke yake kama WAV, aina ya faili la sauti linalofunguka katika programu nyingi, zote zikianzia sekunde sifuri, na kuandika kasi ya wimbo pembeni. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayeilipia. Lakini malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60, muda ambao humalizika upesi kwa mtu anayetafuta risiti ndani ya diski tano zisizo na majina.

Mchangiaji

Ndugu mtoa hoja, nakubaliana nawe kuhusu kumbukumbu, lakini siafiki tamaa hii ya kuitwa mwajiriwa. Msanii chipukizi anayekusanya fedha ili arekodi wimbo mmoja hawezi kugeuzwa mwajiri wangu. Zaidi ya hapo, mwajiriwa hudaiwa kazi yake: kampuni itasema biti ni mali yake, nami nitakuwa nimeuza uhuru wangu kwa mshahara.

Mtoa hoja

Kuhusu msanii chipukizi hatuna ugomvi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwisha kumtenga mtu ambaye ni mteja wa biashara yako, na huyo ni mteja kamili. Ninayemlenga ni yule anayekupa kazi kila wiki kisha anakuita mfanyabiashara siku ya malipo.

Kuhusu uhuru, ndugu yangu, tazama majirani. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huhamishia hakimiliki kwa mwajiri, na vilevile kwa aliyeagiza kazi, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Huko anayejiita huru yumo katika hatari ileile, na kinachomwokoa ni mkataba ulioandikwa. Kwetu mwajiriwa ana nafuu moja ambayo wewe huna: mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi shaurini, kifungu cha 15 cha sheria ya ajira kinamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa.

Pia chama cha wafanyakazi husajiliwa kwa kuanzishwa na waajiriwa wasiopungua 20. Tukiendelea kujikana, tutabaki na vikundi visivyoweza kujadiliana na yeyote kuhusu viwango vya malipo. Sheria hiyohiyo ya ajira, katika kifungu cha 98, inampa waziri uwezo wa kutangaza kundi fulani la watu kuwa waajiriwa, bila kusubiri sheria mpya. Ninachopendekeza kijadiliwe ni kumwomba aanze na watunzi na watayarishaji wa muziki wa matangazo na vipindi vya redio na televisheni, pale wanapomfanyia kazi mtu mmoja mfululizo kwa miezi mitatu au zaidi, na kwa sharti kwamba hakimiliki iandikwe wazi katika kila oda.