Pedi, soksi au bandeji: goti la mieleka livae nini?

Mwana_Kibirizi
Wakuu, habari za jioni. Tuko vijana kumi na wawili hapa Kigoma, tunafanya mieleka na judo juu ya turubai lililotandikwa kwenye maranda. Kila nikizama miguuni mwa mwenzangu, goti la kulia ndilo linalotua kwanza. Sasa ni mwezi wa pili ngozi imechubuka, na mbele ya goti panauma hata nikisujudu. Nimeona vitu vitatu: soksi ya goti ya neoprini (ule mpira laini unaovutika), pedi ya sponji kama za wachezaji wa wavu, na bandeji ya kuvutika ya duka la dawa. Hela yangu inatosha kimoja tu. Nichukue kipi?

kocha_ujiji
Pedi ya sponji, mdogo wangu. Umesema mwenyewe kwamba goti linatua, basi kinachokuumiza ni sakafu. Neoprini inabana na kutunza joto, lakini mbele haina mto. Tena nunua hata moja tu, ya mguu unaotangulia. Wanamieleka wengi huvaa moja. Kanuni za shirikisho la dunia la mieleka, UWW, zinaruhusu pedi nyepesi isiyo na chuma. Zile zenye kikombe kigumu cha plastiki usizilete kabisa, utampasua mwenzako uso.

Dada_Gungu
Shikamoo kocha. Mimi pedi ilinishinda. Tukishaanza kukabana chini, dakika mbili tu imeshuka mpaka kwenye ugoko, naivuta, mwenzangu ananiwahi. Nikahamia soksi ya neoprini ya milimita 5, naivaa chini ya suruali ya judo. Zile za milimita 7 ni za wanyanyua vyuma, kwenye kukunja goti zinakuwa nzito.

kocha_ujiji
Marahaba mwanangu. Inateleza ikiwa kubwa au lastiki imelegea. Za mtumba nyingi zimechoka lastiki, ndiyo maana nawaambia vijana wazivae pale pale sokoni, wachuchumae na kusimama mara kumi kabla ya kutoa pesa.

Nyamwezi_TBR
Niko Tabora. Bandeji achana nayo. Nilifunga msimu mzima: ukitoka jasho inalegea, ukiikaza vidole vya mguu vinakufa ganzi. Baadaye nikapata kile kifaa chenye bawaba za chuma pembeni, nikaona nimeshafika. Siku ya mashindano ya judo mwamuzi akakikataa, na kanuni iko upande wake: kitu kigumu au cha chuma hakiruhusiwi hata ukikifunika kwa kitambaa. Uliza kanuni za mchezo wako kabla ya kununua.

tabibu_viungo
Mwana_Kibirizi, kabla ya duka nijibu hili: mbele ya pia ya goti pamejaa? Pale chini ya ngozi kuna kifuko chembamba kinachorahisisha ngozi kuteleza juu ya mfupa. Kikigongwa mara kwa mara kinajaa maji. Hapo pedi inasaidia kweli, kwa sababu inapunguza kishindo. Ila pakiwa pa moto, pekundu, na una homa, huenda vijidudu vimeingia kupitia huo mchubuko. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo la pili nawaomba mlishike wote. Hakuna pedi wala soksi inayozuia kano kukatika goti likipindwa. Ukisikia mlio ndani ya goti kisha likavimba ndani ya saa chache, au linakwama halinyooki, au unasimama linakukimbia, acha mazoezi upimwe. Nimeona vijana wakivaa soksi mbili juu ya goti la namna hiyo na kuendelea kupigana. Inaniuma sana, maana soksi inawapa ujasiri ambao goti lenyewe halina.

Mwana_Kibirizi
Asante sana tabibu. Pamejaa kidogo, panabonyea, si pa moto. Sina homa, na goti linanyooka lote.

tabibu_viungo
Basi pumzika kupiga goti hilo mpaka uvimbe uishe na mchubuko ufunge. Fanya mazoezi ya kusimama tu. Ukirudi, rudi na pedi. Wiki mbili zikipita na bado pamejaa, nenda ukaonwe.

Dada_Gungu
Kwa maelezo hayo nami nakubali, wewe pedi. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya pia ya goti mguu ukiwa umenyooka, ulinganishe na vipimo vya kwenye pakiti. Na usiazimane! Kwetu choa kilizunguka watu wanne kwa pedi moja. Fua kila baada ya mazoezi, anika ikauke kabisa. Neoprini ianikwe kivulini, jua linaikausha hadi ipasuke.

Mwana_Kibirizi
Nimepima, sentimita 37. Jumamosi naingia soko la Mwanga. Kocha, maranda yetu nayo yameshindiliana, yamekuwa magumu kama ardhi. Mnayabadilisha baada ya muda gani?

kocha_ujiji
Sisi tunayafukua kila wiki kwa reki na kuongeza mapya yakipungua. Anzeni na hilo kesho, halina gharama.