Saa ya kifahari kwa ajili ya kupandishwa cheo: Datejust, Speedmaster, au nyingine?

Mkaguzi

Ndugu zangu, salaam. Mwezi ujao nitakabidhiwa rasmi nafasi ya mkuu wa idara ya ukaguzi wa hesabu, nafasi ambayo nimeitamani tangu nilipoajiriwa nikiwa karani, na nimeamua kuliwekea tukio hilo alama kwa kununua saa moja nzuri ya mkono, ambayo nitaivaa mpaka nistaafu na, Mungu akinijalia, nimwachie binti yangu. Fedha nimekwisha kuzitenga na hazitokani na mkopo wowote, kwa hiyo ninachoomba hapa ni msaada wa kuchagua.

Nimebakiwa na saa mbili. Ya kwanza ni Rolex Datejust ya milimita 36, ambayo naipendea utulivu wake na ile tarehe, maana mtu wa hesabu huandika tarehe kutwa nzima. Ya pili ni Omega Speedmaster, saa iliyofika mwezini mwaka 1969 pamoja na wanaanga wa Marekani, na habari zake zimenivutia tangu utotoni. Wenzangu kazini wananisukuma kwenye Rolex kwa hoja kwamba haishuki thamani, na mmoja wao amefikia kusema kuwa saa isiyopanda bei ni fedha iliyotupwa. Je, hoja hiyo ina uzito gani kwa mtu asiyekusudia kuuza? Na je, ninunue mpya au iliyokwisha kutumika?

Akrabu

Hongera sana kwa cheo. Nianze na hiyo hoja ya thamani, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi.

Ni kweli kwamba kwa miaka kadhaa baadhi ya saa za chuma cha pua za Rolex, Patek Philippe na Audemars Piguet zimekuwa zikiuzwa mkononi kwa bei inayozidi ile ya dukani. Lakini ni kweli vilevile kwamba bei hizo zilipanda kupita kiasi mwaka 2021, zikafika kileleni mwanzoni mwa 2022, kisha zikaporomoka, na walionunua wakati ule kwa matumaini ya faida waliumia. Saa nyingi za kifahari, zikiwemo za makampuni yenye heshima kubwa, hupungua thamani siku ileile zinapotoka dukani. Kuna tatizo jingine ambalo wenzako hawakulitaja, nalo ni kwamba anayenunua ili auze hulazimika kuitunza saa kwa ajili ya mnunuzi ajaye: haivai siku ya kazi ngumu, hachongi jina lake, na kila mkwaruzo unamnyima usingizi. Wewe umesema utaivaa mpaka ustaafu. Malengo hayo mawili hayakai pamoja, na kwa kuwa umekwisha kuchagua lako, hoja ya bei iweke kando kabisa.

Sasa saa zenyewe. Datejust ilitoka mwaka 1945, ikiwa kronomita (saa ambayo usahihi wake umepimwa na kuthibitishwa) ya kwanza ya mkono inayojitia ufunguo yenyewe na kuonyesha tarehe katika kidirisha. Speedmaster ilitoka 1957, ikikusudiwa watu wa mashindano ya magari. NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuja kuiidhinisha mwaka 1965 baada ya kuitesa kwa joto, baridi na mitetemo, na Buzz Aldrin ndiye aliyekuwa nayo mkononi alipokanyaga mwezi. Kwa historia, nisingeweza kukushawishi uiache. Lakini toleo lile la asili halina tarehe, hutiwa ufunguo kwa mkono, na ni nene kiasi kwamba kwenye shati lenye mkono wa kubana hubaki imekwama nje ya kifungo. Nenda dukani ukiwa umevaa shati la kazini, uifunge, kisha ukae mezani uandike kidogo. Uamuzi wako utategemea sana dakika hizo.

Fundi wa Saa

Ndugu Mkaguzi, pokea pongezi zangu. Mimi nazitengeneza saa hizi, kwa hiyo nitasema yale yanayokuja baada ya kununua.

Mtambo wa Datejust ya sasa hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde, usiku na mchana, maadamu springi ina nguvu. Mafuta yanayolainisha vyuma hivyo ni matone madogo mno, na yakikauka vyuma huanza kulana bila saa kuonyesha dalili yoyote ya nje. Ndiyo sababu huduma ya kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta upya haikwepeki: Rolex wenyewe hutaja takribani miaka 10, Omega miaka 5 hadi 8. Speedmaster ina mtambo wa kupimia muda wa tukio, kama mbio, juu ya ule wa kawaida, ina vipande vingi zaidi, na huduma yake kwa kawaida ni ghali kuliko ya saa yenye tarehe tu. Gharama hiyo ihesabu leo, kwa sababu binti yako atairithi pamoja na saa.

Kuhusu usahihi, wengi hushangaa wakiambiwa kwamba saa ya betri ya bei ndogo kabisa, ambayo kipande chake cha fuwele hutetema mara 32,768 kwa sekunde, inazishinda zote mbili. Rolex hujiwekea mpaka wa kupotea sekunde 2 mbele au nyuma kwa siku, na Omega zenye cheti cha METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, hazitakiwi kuchelewa, wala kwenda mbele zaidi ya sekunde 5. Hayo ni matokeo mazuri sana kwa springi na magurudumu, lakini asije mtu akakuuzia saa ya namna hii kwa sababu ya usahihi. Unanunua ufundi.

Jihadhari na sumaku. Vifuniko vya simu na tableti, spika, hata pochi zenye kufungwa kwa sumaku, huweza kuifanya saa ya springi ikimbie dakika nzima au zaidi kwa siku, na mwenyewe akadhani imeharibika. Fundi huiondoa sumaku kwa muda mfupi tu. Omega zenye cheti nilichokitaja huhimili gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na hapo Speedmaster ya sasa inajitetea vizuri.

Ukiamua kununua iliyokwisha kutumika, omba kioo cha kukuzia na utazame miguu ya saa, pale mkanda unaposhikwa. Saa ambayo haijaguswa ina mstari mkali kama ukingo wa karatasi kati ya upande uliopigwa brashi na ule unaong'aa. Iliyosuguliwa mara kwa mara mstari huo umekuwa mviringo, na matundu ya pini yamekaribia ukingo. Chuma kilichoondoka hakirudi. Kisha linganisha rangi ya dawa inayong'aa gizani kwenye akrabu na ile ya kwenye uso wa saa. Zikitofautiana sana, kimoja kimebadilishwa. Nambari ya saa ilingane na ya kwenye kadi ya dhamana. Muuzaji anayekataa saa ifunguliwe mbele ya fundi wako, mwache aende zake. Kwa saa ya kumbukumbu, mimi ningechukua mpya kutoka kwa wakala rasmi, yenye dhamana ya miaka 5 ambayo makampuni yote mawili hutoa, ili maisha yake yote yawe ya kwako.

Binti Seremala

Naomba nilete saa ya tatu mezani, kwa sababu nadhani umesahau sehemu moja ya maelezo yako mwenyewe: binti yako.

Jaeger-LeCoultre Reverso ilibuniwa mwaka 1931 kwa ajili ya wachezaji wa polo, mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi, wa Kiingereza waliokuwa India, ambao vioo vya saa zao vilikuwa vikivunjika uwanjani. Kasha lake huteleza na kugeuka, kioo kikalala ndani na mgongo wa chuma ukabaki nje. Mgongo huo ni uwanja wa kuandikia. Unaweza kuchonga tarehe ya kukabidhiwa ofisi, jina la cheo, au maneno machache ambayo binti yako atayasoma atakapoigeuza. Ni nyembamba, inaingia chini ya mkono wa shati bila shida, na umbo lake la pembe nne humkaa mwanamke na mwanamume sawasawa. Cartier Tank, aliyoibuni Louis Cartier mwaka 1917, ina sifa hiyohiyo ya umbo. Ukibaki na zako mbili, Datejust ya milimita 36 itamfaa binti kuliko Speedmaster, na hilo kwangu ni jambo zito.

Vyovyote utakavyochagua, nakala ya barua yako ya uteuzi iweke katika boksi moja na kadi ya dhamana. Saa bila maelezo, baada ya kizazi kimoja, hugeuka kuwa mali ya kugawana tu.

Daftari Kuu

Nami ni mkaguzi, na nina jambo ambalo wapenzi wa saa wasingeliwaza. Kazi yetu ni kuingia katika ofisi za watu na kuwauliza fedha zimekwenda wapi. Watu hao hututazama kwa makini kuliko tunavyodhani. Saa inayotambulika kutoka upande wa pili wa meza huzua swali kabla hujafungua faili, hata kama umeinunua kwa jasho lako.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama ni Datejust, iache ile ambayo pete yake ya kuzunguka kioo ni ya dhahabu iliyotiwa mifereji, uchukue ya chuma kitupu yenye pete laini na uso wa rangi iliyopoa. Hiyo wanaitambua wachache. Zaidi ya hapo, itazame Grand Seiko, jina lililoanza mwaka 1960, ambayo watu wengi huipita bila kugeuka. Zile zenye mtambo wa Spring Drive, uliotolewa na Seiko mwaka 1999, hutumia springi ikidhibitiwa na fuwele, na kwa kawaida hazipotezi zaidi ya sekunde 1 kwa siku; akrabu ya sekunde huteleza moja kwa moja bila kuruka hata kidogo. Sisi tunaopenda tarakimu zikae mahali pake tunaridhika sana kuitazama. Na risiti yako itunze mahali ambapo unaweza kuitoa siku yoyote utakayoulizwa.

Mkaguzi

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Hoja ya Daftari Kuu imenigusa kuliko zote, kwa sababu wiki hii tu nimekaa mbele ya mhasibu ambaye macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu. Suala la bei nimeliacha. Nimekwenda kuzivaa zote mbili na shati la kazini: Speedmaster ilikwama kama Akrabu alivyosema, na nimeridhika kuendelea kuisoma bila kuimiliki. Nitachukua Datejust ya chuma yenye pete laini, mpya. Wakala ameniandika orodhani, na huenda isifike kabla ya siku ya makabidhiano. Swali langu la mwisho kwa Fundi: je, nikichonga tarehe kwenye mfuniko wa nyuma, saa itaathirika?

Fundi wa Saa

Haitaathirika iwapo mfuniko utatolewa kwanza, ukachongwa ukiwa peke yake, na mtambo ukafunikwa dhidi ya vumbi kwa muda wote huo. Usikubali ichongwe ikiwa imefungwa, kwa maana mtetemo na vumbi la chuma ni hatari. Mfuniko wa Datejust ni mtupu, kwa hiyo una nafasi ya kutosha, ila uchongaji usiwe wa kina kirefu. Wakati wa kuufunga, fundi akague ule mpira wa kuzuia maji, kisha aipime saa kwa mashine ya shinikizo kabla hujaondoka nayo. Muulize wakala kama kazi hiyo inaweza kufanywa na watu wao, ili dhamana isije ikatiliwa shaka. Na saa ikichelewa kufika, chonga tarehe ya makabidhiano, uiache ile ya kununua.