Klabu za hostesi Japani zinatofautiana aje na klabu zetu za Nairobi?

yadi_ngong aliuliza:
Niaje wadau. Mi niko kwa biashara ya magari ya kutoka Japani, yadi yetu iko Ngong Road, na hivi karibuni tunaenda Yokohama na bosi kuona minada. Wale tunaofanya nao kazi huko wamesema jioni ya kwanza tutakula nao halafu watupeleke klabu ya hostesi, na bosi ameshakubali. Sasa mi nimeoa na hapa Nairobi ukisema tu mahali wasichana wanakaa na wateja kila mtu akili inaenda Koinange, ile barabara ya makahaba, moja kwa moja. Nauliza kwa nia safi, huko ni kitu gani hasa? Ni kama Westlands, ama hizi za Thika Road? Na nani analipa? Sitaki kuaibisha wenyeji na sitaki kurudi na kesi nyumbani.

msee_wa_saitama:
Kaka tulia, nimeishi huko nikifanya kazi kiwandani, nikueleze. Hapa kwetu ukienda klabu unanunua pombe na mziki, kampani unakuja nayo mwenyewe. Kule kinachouzwa ni muda wa mtu kukaa na wewe mkipiga stori, pombe inasindikiza tu. Saa inaanza kuhesabiwa ukishakaa. Zile za kawaida zinaitwa kyabakura, mara nyingi bei ni ya dakika 60, zikikaribia kuisha kijana wa suti anakuja anapiga goti kando ya meza anauliza mnaongeza ama mnafunga, mkiongeza bili inapanda. Ukiitisha msichana fulani kwa jina ni pesa ingine, akinywa ni kwa bili yako, halafu mwisho wanabandika sabisi (ada ya huduma) na ushuru, so bei umeona mlangoni si ile utaona kwa risiti. Tipu hawana mazoea nayo.

Lakini kitu mi ilinikaa kwa akili ni vile ile kazi inafanywa. Ukikaa tu unapewa kitaulo cha moto cha mikono. Anakuchanganyia whisky na maji na barafu, anakoroga polepole, glasi ikianza kutoa jasho anaifuta na leso kabla akurudishie, mkigonga glasi yake inabaki chini kidogo ya yako. Ukienda choo ukitoka unampata amesimama nje na taulo ingine. Chupa ikibaki inaandikwa jina lako inawekwa kwa shelfu mpaka siku urudi. Na ukirudi atakuuliza mtoto alipona ile homa, anakumbuka! Kushikashika hapana, utaonekana mshamba na wanaweza kukutoa.

dada_kaunta:
Ni sawa lakini muongee pia upande wa wale wanafanya kazi. Mi nimekuwa weita hapa tao, mshahara kidogo, unategemea tipu, na kastoma akihepa na bili unakatwa wewe, baa nilikuwa walifanya hivyo waziwazi na hakuna mahali ungepeleka malalamiko. Nilipoenda Dubai kwa hoteli nilikaa chumba kimoja na Mfilipino aliyekuwa amefanya hiyo kazi Japani, enzi zile walikuwa wanaenda na viza ya watumbuizaji, mwaka 2004 pekee waliingia zaidi ya 80,000 kabla serikali ya Japani ikaze masharti 2005 kwa sababu ya kelele za biashara ya kuuza watu. Alinieleza kuna kitu kinaitwa dohan, lazima upate mteja mle naye chakula cha jioni halafu muingie klabu pamoja, na una idadi ya kufikisha, usipofikisha unakatwa. Na zile klabu kubwa za Ginza, mtaa wa kifahari wa Tokyo, mteja akishakuwa wa dada fulani ni wake daima, anakunywa leo bili inatumwa baadaye, asipolipa ni yule dada anabeba deni. Nilisikia uchungu kwa sababu nilijua hiyo hesabu. Kwa hivyo kaka ukikaa hapo mheshimu, ako kazini.

baba_zawadi:
Dada umesema ukweli. Na kuna za wanaume wanahudumia wanawake pia, zinaitwa host club, Kabukicho huko Tokyo zimejaa. Wasichana wadogo wamezama kwa madeni ya mamilioni ya yeni juu ya kijana anawaambia anawapenda, wengine wakasukumwa kuuza mwili ndio walipe. Mpaka mwaka 2025 sheria ikabadilishwa, kutumia mapenzi ya mteja kumfanya atumie pesa sasa imekatazwa. Sheria yenyewe ya hizi klabu ni ya 1948, na ni kali kuliko watu wanavyodhani: mhudumu akikaa kando yako kukuchangamsha, klabu inahitaji kibali maalum na lazima ifunge saa sita usiku, ama saa saba kwa maeneo mengine. Ndio unapata baa zingine wasichana wanabaki nyuma ya kaunta usiku kucha. Sisi tuna sheria ya pombe ya 2010, ile watu wanaita ya Mututho, inasema saa tano usiku baa zifungwe, na nyote mnajua Nairobi saa tano ndio dijei anapasha moto. Ukilinganisha na Thailand ni tofauti tena, kuna baa kule unalipa baa yenyewe ndio mhudumu aondoke na wewe, hiyo kyabakura haina.

yadi_ngong:
Asanteni sana, dada shukran kwa hilo. Sasa bili, si watatuwekea sisi?

msee_wa_saitama:
Hapana, aliyekualika ndiye analipa, na mara nyingi ni pesa ya kampuni. Ni sehemu ya kazi yao, kumkarimu mteja mpaka muaminiane, mkataba unasainiwa ofisini baadaye. Mwaka 1992 makampuni ya Japani yalitumia zaidi ya yeni trilioni 6 kwa kukarimu wateja, uchumi uliposhuka wakapunguza sana. Usipigane na mwenyeji wako juu ya bili, wakija Nairobi wapelekeni nyama choma.

njugu_karanga:
Ongezeni hii: ukiwa na wenyeji uko salama, lakini siku ukitembea peke yako usifuate kijana anakuita barabarani eti bei poa, hata polisi wa Kabukicho wanatangaza kwa spika watu wasiwafuate. Unaweza pelekwa mahali bia mbili zinakutoa pesa ya tikiti ya ndege, na mchele, yaani kuwekewa dawa kwa kinywaji, pia uko, usidhani ni Nairobi tu.

dada_kaunta:
Na mke mwambie kabla usafiri, wapi na na nani. Yule dada atakupa kadi yake ya kazi, na kesho yake pengine atakutumia ujumbe wa kushukuru, kila mteja huupata. Ni afadhali mama ajue mapema kuliko aipate hiyo kadi kwa mfuko wa koti akipeleka nguo dobi.