Tupeane uzoefu: mliowahi kuigiza kisa cha Leontes na Hermione huku Kusini

Wadau, kikundi chetu hapa Mtwara mjini tunaandaa The Winter's Tale, ule mchezo wa Shakespeare wa Leontes, mfalme wa Sicilia, anayemshuku mkewe Hermione na rafiki yake wa utotoni. Ni wa zamani, ulichezwa Globe, London, mwaka 1611. Mtoto wa kiume anafariki, kichanga cha kike kinatupwa ufukweni, miaka 16 inapita ndipo msamaha unakuja. Mimi ndiye Hermione, na mwisho wake unaninyima usingizi. Watu watakubali vipi nimsamehe mwanamume wa namna ile?

Mdau, Lindi: Dada, kwanza wivu. Leontes anabadilika ghafla mno. Sisi Hermione tulimkalisha mbele na tumbo lake kubwa, mgeni, yule rafiki wa mfalme, akitamka kwamba amekaa kwao miezi tisa. Mama mmoja kwenye hadhira akaanza kuhesabu vidole kwa sauti! Ukumbi mzima ukajua kinachomtafuna mfalme, na wanajua mke hana kosa. Inauma sana.

Mdau, Newala: Dubu anayemla Antigonus, yule aliyetumwa kukitupa kichanga, tulimfanya simba. Huku watu wamezika ndugu zao kwa simba, hakuna aliyecheka. Ila nawasihi, msimvalishe mnyama huyo sura za mapiko, zile barakoa za ngoma za Wamakonde. Mapiko yana wenyewe, wazee waulizwe kwanza.

Mdau, Masasi: Nakujibu ulichouliza, dada. Pale mwishoni, sanamu ya Hermione, aliyedhaniwa amekufa, inapopata uhai, Paulina, yule mtetezi wake, anaagiza muziki. Sisi tulipiga ngoma moja tu, taratibu, na Hermione alisimama kati ya vinyago vya mpingo. Sasa soma maandishi vizuri. Anashuka, anamkumbatia Leontes, lakini hamwambii neno hata moja. Anaiomba miungu, anaongea na binti yake, basi. Wenzangu walitaka aongeze "nimekusamehe", nikakataa katakata. Mama zetu wanaujua huo ukimya: umerudi kwa mumeo, na mtoto uliyemzika bado hayupo. Mamillius, yule mtoto wa kiume, harudi, msiwasahaulishe watu. Usiharakishe kukumbatia. Mwache mfalme asimame aogope kunyoosha mkono.

Mwenye mada: Asante sana kaka, kesho kwenye mazoezi naanza na hapo. Tunafikiria kuonyesha Oktoba.

Mdau, Tandahimba: Oktoba watu wako mashambani wanaokota korosho. Subirini minada ipite na malipo yaingie, mtajaza ukumbi.